Usitafute ndege, tafuta zege: mwongozo wa kutembelea viwanja vya zamani vya ndege za mabomu mashariki mwa Uingereza

"Shemeji, sasa ndege ziko wapi?"

Mdogo wake mke wangu aliniuliza hivyo mwezi wa pili, tukiwa tumesimama pembeni mwa shamba lenye tope huko Norfolk, yeye na raba zake nyeupe. Nilikuwa nimemwambia tunakwenda kuona uwanja wa ndege wa vita. Alichokiona ni ngano changa, kunguru, na kijibarabara cha zege kilichopasukapasuka, kinachotosha trekta moja tu. Hakujua kwamba kijibarabara kile ndicho uwanja wenyewe. Zaidi ya miaka 80 iliyopita kilikuwa na upana wa mita 46, na alfajiri zilikimbia juu yake ndege za karibu tani 30 kila moja, zimeshiba mabomu na petroli, zikielekea Ujerumani.

Nauandika mwongozo huu kwa Mswahili anayeishi huku, au anayekuja kutembelea ndugu na ameshachoka kupigwa picha mbele ya Big Ben. Gharama yake ni nauli ya treni, viatu vizuri na chupa ya chai. Kinachotakiwa zaidi ni kujua unatazama nini, maana mwenyeji anayepita hapo kila siku na mbwa wake mara nyingi haoni kitu.

Kwanza kisa chenyewe, kwa kifupi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilijenga viwanja vya ndege 444. Mwaka 1942 kulikuwa kunafunguliwa kiwanja kipya karibu kila baada ya siku tatu. Kaunti za Norfolk na Suffolk ni tambarare na zimeielekea Ulaya bara, kwa hiyo Jeshi la Anga la Nane la Marekani lilipangwa huko na ndege zake kubwa za mabomu, B-17 na B-24. Vita ilipokwisha mwaka 1945 Wamarekani wakarudi kwao, mashamba yakarudi kwa wakulima, na zege likawa tatizo la mkulima.

Hatua ya kwanza: chagua uwanja ukiwa bado nyumbani

Usiokote jina lolote kwenye orodha ukafunga safari. Vingine vimefutika hata msingi hauonekani, na vingine vimegeuzwa mitaa ya viwanda. Mgeni wa mara ya kwanza mimi humpeleka Thorpe Abbotts, karibu na mji mdogo wa Diss. Mnara wake wa kuongozea ndege ulikuwa gofu lililojaa miiba mpaka mwaka 1977, wenyeji walipoanza kuukarabati kwa mikono yao, na mwaka 1981 ukafunguliwa kuwa makumbusho. Hapo ndipo lilipokuwa kundi la 100 la ndege za mabomu, ambalo wanajeshi wenyewe walilibandika jina la "Mia ya Damu" kwa jinsi lilivyokuwa likipoteza watu. Mnara uliokarabatiwa ukiuona kwanza, macho yanajifunza. Baada ya hapo hata gofu utalitambua.

Kisha vuka mpaka wa kaunti uende Eye, kilomita chache kusini mwa Diss. Eye una habari inayotuhusu. Ulijengwa na vikosi vya wahandisi wa jeshi la Marekani, cha 827 na cha 859, ambavyo askari wake walikuwa watu weusi. Jeshi la Marekani enzi hizo liliwatenga weusi na weupe, kuanzia mabweni mpaka kazi. Hawa walichimba, wakasomba kokoto, wakamwaga zege. Usukani wa ndege iliyoruka kutoka kwenye zege lao haukuwa wao. Leo kwenye uwanja huo kuna viwanda, mitambo ya upepo, na mtambo wa umeme unaochoma kinyesi cha kuku na matandazo ya mabanda yao. Ulianza kazi mwaka 1992, wa kwanza wa aina hiyo duniani, na upepo ukigeuka utaugundua kabla hujauona.

Vingine navitaja tu ili ukipita ujue. Hethel ndipo kilipo kiwanda cha magari ya Lotus tangu 1966, na magari yanajaribiwa palepale zilipokuwa zikikimbia ndege. Snetterton Heath umekuwa uwanja wa mashindano ya magari. Attlebridge wanafugiwa bata mzinga, mabanda yamepangwa juu ya njia za kurukia ndege kama mabehewa. Horsham St Faith ndio uwanja wa ndege wa Norwich, na Stansted, ambako wengi wetu tumetua na tiketi za bei poa, nao ulianza hivyohivyo. Aliyeko Nairobi hana haja hata ya kupanda ndege: Eastleigh ilikuwa kituo cha jeshi la anga la Uingereza, na abiria wa Nairobi walitumia uwanja huo mpaka Embakasi ulipofunguliwa 1958. Ila pale ni kambi ya jeshi hadi leo, usiende na kamera.

Hatua ya pili: usome kwenye ramani kabla ya kuukanyaga

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka hatua, wakafika wakazunguka saa tatu bila kuona chochote. Kaa jioni moja na simu au kompyuta yenye bando la kutosha.

Fungua picha za setilaiti, tafuta kijiji, kisha jiulize ni kitu gani kimekata mashamba bila kuheshimu mipaka yake. Mashamba ya huku yana mipaka iliyopindapinda kwa sababu ni ya karne nyingi. Uwanja wa ndege ulichorwa na mhandisi mwenye rula. Utaona mistari mitatu iliyonyooka ikikatana kama herufi A. Hizo ni njia za kurukia: moja ndefu ya karibu meta 1,830, na mbili fupi za meta 1,280 hivi, zikipishana kwa nyuzi kama 60. Zilikuwa tatu kwa sababu ndege hutua ikiukabili upepo, na upepo haumsubiri rubani. Kuzizunguka zote kuna mstari uliojikunja kama kamba iliyotupwa chini. Hiyo ni barabara ya mzunguko, upana wake mita 15, ambayo ndege ziliifuata polepole kwenda kupanga foleni ya kuruka.

Pembeni mwa barabara hiyo tafuta maegesho. Yale ya mwanzo yana umbo la kikaango: duara na mpini wake. Yaliyojengwa baadaye yana umbo la kitanzi, ndege inaingilia huku inatokea kule. Kwa hiyo kwa kuangalia umbo tu unaweza kukisia sehemu ipi ya uwanja ni ya mwanzo na ipi iliongezwa. Mpango wa kwanza ulikuwa maegesho 36 kwa uwanja. Wamarekani walipokuja na makundi yao makubwa yakaongezwa mpaka 50. Ndege hazikuegeshwa pamoja kama mabasi stendi, kwa sababu bomu moja lingezimaliza zote.

Sasa linganisha na picha za zamani. Kaunti ya Norfolk imeweka mtandaoni picha za angani za mwaka 1946, uwanja ukiwa bado mzima. Historic England, shirika la kutunza urithi wa kale, nao wana maelfu ya picha zilizopigwa na marubani wa Kimarekani mwaka 1943 na 1944, na unaziangalia bure. Ukitafuta kwenye makavazi ya Kimarekani, tumia namba ya kituo, maana Wamarekani walivipa viwanja namba: Thorpe Abbotts ni 139, Eye ni 134, Horham ni 119.

Piga picha ya skrini ya uwanja wa 1946 na ya leo, uzihifadhi kwenye simu. Mtandao huko mashambani ni wa kubahatisha.

Hatua ya tatu: jua ardhi ni ya nani

Hili nimejifunza kwa aibu. Mwaka wa kwanza niliona kibao cha kukataza kupita, nikajifanya sikusoma. Sikufika hata nusu ya njia ya kurukia, pikapu ikaja nyuma yangu taratibu, dirisha likashushwa.

"Umepotea?" mzee akauliza.

Nikasema natafuta uwanja wa ndege. Akazima gari. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga, akaniuliza Tanga kuna nini, nikamwambia mkonge. Akanionya kwamba mimea niliyokuwa naikanyaga ni pesa yake, na kwamba ningepiga hodi tu nyumba ile ya matofali asingekataa. Halafu akanipakia, akanipeleka kwenye banda moja analohifadhia viazi. Ndani, juu ya mlango, kulikuwa na maandishi mekundu yaliyofifia yanayokataza kuvuta sigara. Yameandikwa kwa mkono na mtu mwenye haraka, herufi za mwishoni zimebanana kwa sababu nafasi ilimwishia.

Kwa hiyo fuata utaratibu. Uingereza ina njia za umma za kutembea kwa miguu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia ukiwa juu yake. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, za kipimo cha 1:25,000 zimechorwa kwa vistari vya kijani vilivyokatikakatika. Kule shambani zina mshale wa njano. Mshale wa buluu ni njia inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Viwanja vingi vya zamani vimekatwa na njia moja au mbili za namna hiyo. Nje ya njia ni shamba la mtu. Kuingia bila ruhusa kwa kawaida si jinai, ni madai ya kawaida, lakini mtu mweusi anayezurura na kamera nyuma ya mabanda ya mkulima hataki kuanza mjadala wa sheria. Piga hodi, salimia, sema unachotafuta. Wazee wa huko wanapenda kuulizwa kuliko wanavyoonyesha.

Kuchimba, hapana. Kifaa cha kutafutia vyuma kinahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Na mahali ndege ya kijeshi ilipoanguka pamelindwa na sheria ya mwaka 1986, huwezi kuchimba bila kibali cha serikali, kwa sababu wengine walioanguka nayo bado wamo.

Hatua ya nne: msimu na mavazi

Nenda kati ya Januari na Machi. Najua baridi, lakini majani yamekufa, miti iko uchi, na jua la chini la mchana linaonyesha kila tuta. Ukienda Julai utakuta ukuta wa miiba na yale majani ya huku yanayowasha kama upupu. Ila kiangazi kikali kina jambo lake moja zuri: juu ya zege lililofukiwa udongo ni mwembamba, mimea inanyauka mapema, na uwanja mzima hujichora wenyewe kwa rangi ya njano ndani ya shamba la kijani.

Vaa gambuti au viatu vya kupanda mlima. Suruali ndefu, uichomeke kwenye soksi, kwa sababu ya kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Ukirudi jikague nyuma ya magoti na kiunoni. Chukua glavu, tochi, na kizibao cha rifleksta kwa sababu barabara za vijijini hazina kando ya kutembelea. Raba nyeupe ziache nyumbani.

Hatua ya tano: fuata zege

Umefika. Simama kwenye kipande chochote cha zege ulicho na haki ya kusimama, kitazame miguuni pako kabla ya kuinua macho.

Zege la vita lilimwagwa kwa vipande vya mraba, na kati ya kipande na kipande kuna ufa ulionyooka uliojazwa lami ili zege lipumue wakati wa joto. Mkulima akimwaga zege lake hajisumbui hivyo. Unene wake ni kama sentimita 15, na ukingoni palipomeguka utaziona kokoto za mviringo zilizochimbwa maeneo yaleyale. Tafuta vikombe vya chuma vilivyozama pembeni, ndimo zilimokaa taa. Tafuta pete za chuma kwenye maegesho, ndimo ndege ilimofungwa kamba isipeperuke.

Utashangaa kwamba njia ya kurukia ya mita 46 imebaki mita nne. Sababu ni biashara. Baada ya vita kokoto na zege lililosagwa lilikuwa mali kwa wajenzi wa barabara, kwa hiyo wakulima wengi waliuza njia zao, makampuni yakaja na mashine yakang'oa. Mkulima akajibakizia kamkanda ka kupitishia trekta. Ukiona kibarabara cha shamba kimenyooka kama kamba ya fundi mwashi, na kinaishia katikati ya shamba bila kufika popote, hapo ndipo magurudumu yalipokuwa yakiachana na ardhi.

Tembea barabara ya mzunguko badala ya njia ya kurukia. Ndiyo iliyobaki zaidi, na ndiyo inayokupitisha kila mahali: kwenye maegesho, kwenye mahanga mawili, yaani mabanda makubwa ya ndege, yaliyokuwa kawaida ya kila uwanja, kwenye mnara. Mahanga mengi yalihamishwa au kuuzwa, lakini sakafu yake haijifichi, ni kubwa kama uwanja wa mpira wa mtaani. Ukiona kilima cha udongo au ukuta mnene wa matofali umesimama peke yake bila kazi, huenda ndipo bunduki za ndege zilipojaribiwa. Risasi zililengwa humo.

Mbali na vyote hivyo, mara nyingi ndani ya msitu upande wa pili kabisa, kuna ghala la mabomu. Si jengo. Ni vijibarabara vinavyojipinda kati ya matuta ya udongo. Umbali wake haukuwa tahadhari ya bure. Julai 15, 1944 ghala la uwanja wa Metfield, Suffolk, lililipuka likiwa na takriban tani 1,200 za mabomu. Hapo sitaki uingie hata ukiruhusiwa, na nitaeleza.

Hatua ya sita: wafuate watu walikolala

Wageni wengi wanaishia kwenye zege pana, wanaondoka. Kwangu mimi hapo ndipo safari inapoanza. Uwanja mmoja ulikuwa na watu wapatao 2,500 hadi 3,000, yaani mara nyingi zaidi ya kijiji kilichoupakana. Ndege ya B-17 ilibeba watu kumi tu. Nyuma yao kulikuwa na mafundi, wapishi, madereva, madaktari, wapakiaji mabomu, makarani wa kupiga chapa. Wote hao hawakulazwa sehemu moja. Walitawanywa kwenye kambi ndogondogo, kilomita moja au mbili kutoka kwenye ndege, vichakani na pembeni mwa mashamba, wakawa wanaendesha baiskeli kwenda kazini, kwenda kula, kwenda kuoga.

Kambi hizo hazionekani kwenye picha ya setilaiti kwa urahisi kwa sababu miti imezimeza. Rudi kwenye picha yako ya 1946, hesabu vidoti vilivyopangwa kama punje nje ya uwanja, kisha angalia kama kuna njia ya umma inayopita karibu.

Nyumba zao nyingi zilikuwa za bati zilizopinda nusu duara, bati kutoka ardhini mpaka ardhini, kile ambacho nyumbani tungekiita fulusuti. Zilibuniwa na Meja Nissen mwaka 1916, kwenye vita ya kwanza. Zilizobaki zimekuwa mabanda ya nguruwe, ya majani makavu, ya matrekta. Zilizokufa zimeacha sakafu ya zege, na pengine kuta za mbele na nyuma tu, zimesimama zikitazamana na mti umeota katikati.

Majengo ya matofali utayajua kwa ubahili wake. Ukuta ni mwembamba, unene wa upana wa tofali moja, umeegemezwa nguzo kila baada ya mita tatu hivi, kisha ukapigwa lipu ya saruji. Hawakujenga ili yadumu, na bado yamesimama. Jengo lisilo na dirisha, lenye kuta nene, lilikuwa la kupangia operesheni. Jengo jembamba lenye kichwa kirefu lilikuwa la miavuli, iliyoning'inizwa humo ikauke. Tangi la mraba la chuma juu ya miguu mirefu ni la maji, nalo linaonekana kutoka mbali kuliko kitu kingine chochote, hivyo ukipotea lifuate hilo.

Ukibahatika, ndani kuna rangi. Horham, si mbali na Eye, klabu moja ya wanajeshi imekarabatiwa na picha alizochora mmoja wao ukutani bado zipo. Kwingine ni mistari ya kuhesabia tu.

Usiyoyagusa

Chuma chochote chenye umbo la chupa, yai, bomba lenye mapezi au silinda iliyoota kutu, kiache kilipo. Usikisogeze kwa fimbo ili upate picha nzuri. Weka alama mahali ulipo kwenye simu, rudi kwa njia uliyojia, ukiwa mbali piga 999 uombe polisi. Wao ndio wanaowaita wataalamu wa jeshi. Hawatakucheka hata kikiwa bomba la maji. Ndiyo sababu nimesema ghala la mabomu ulitazame ukiwa njiani.

Bati la kijivu lisilotoa mlio wa chuma ukiligonga, lenye kingo zinazomeguka kama biskuti, huenda ni asbesto. Usilivunje, usilikanyage, usiingie ndani ya nyumba ambayo paa lake la namna hiyo limeporomoka. Mahandaki ya kujikinga mabomu, yale ya matao ya zege yaliyofunikwa udongo, yamejaa maji au popo. Popo wa huku wanalindwa na sheria. Na tazama chini: mifuniko ya vyuma ya mashimo ya maji machafu iliibwa zamani, na nyasi zimeota juu ya tundu.

Ukiona kitufe au kipande cha sahani chenye maandishi, kipige picha, kirudishe.

Hatua ya saba: panda mnara

Kwa Thorpe Abbotts, angalia siku za kufunguliwa kabla ya kukata tiketi, kwa sababu miezi ya baridi makumbusho hufungwa, na siku nyingine za wiki pia. Hapa kuna mgongano na ushauri wangu wa kwenda Januari. Mimi hufanya safari mbili: ya baridi kwa ajili ya magofu, ya mwezi wa nne au wa tano kwa ajili ya mnara.

Panda mpaka roshani ya juu, utazame kule ulikotembea. Hapa walisimama makamanda na mafundi alasiri wakihesabu ndege zinazorudi. Oktoba 10, 1943 kundi la 100 lilipeleka ndege juu ya mji wa Münster. Kati ya 13 zilizofika huko ilirudi moja. Kwa mahesabu ya watu kumi kumi, jioni ile vitanda vya watu 120 vilibaki vitupu kwenye zile nyumba za bati ulizoziona vichakani. Kama siku inaruhusu, safari nyingine nenda Madingley, nje kidogo ya Cambridge, kwenye makaburi ya Wamarekani. Kuna misalaba na nyota za mawe 3,811, na ukuta wenye majina 5,127 ya wasiopatikana.

Kurudi

Diss iko kwenye reli ya London Liverpool Street kwenda Norwich, karibu saa moja na nusu kutoka London. Kutoka stesheni mpaka Thorpe Abbotts ni kama kilomita 8, kwa baiskeli ndiyo njia bora, nao wenyewe walizunguka hivyo. Basi la vijijini siku ya Jumapili usilitegemee. Osha viatu kabla ya kuingia shamba jingine, hasa ukipita penye nguruwe, kwa sababu magonjwa ya mifugo husafiri kwenye tope la soli.

Siku ile na shemeji tulimalizia Eye. Saa kumi jioni, jua limeshainama, tulikuwa tunafuata ukingo wa barabara ya mzunguko iliyobaki kati ya viwanda. Yeye alikuwa ameshaacha kuuliza habari za ndege, anatembea kichwa chini kwa sababu ya raba. Akasimama. Kwenye kona ya kipande cha zege, pamoja na nyayo za mbwa, kulikuwa na alama moja ya buti, kisigino kimezama zaidi kuliko vidole, kama mtu aliyerudi nyuma kidogo akiwa amebeba kitu kizito.

"Hii ya rubani?"

"Rubani hakanyagi zege bichi," nikamwambia.

Akafikiri. Akaweka raba yake, iliyokuwa sasa na rangi ya chokoleti, juu ya ile alama. Ikaenea sawasawa.

"Namba tisa," akasema. "Kama mimi." Halafu akauliza treni inaondoka saa ngapi.